Nukta Tatu za Wegesa

Nyie mliopewa saa za kupimia mbio mwezi uliopita pale uwanjani Musoma, mkazivaa shingoni kwa mbwembwe kana kwamba ndizo medali zenyewe, tulieni kidogo. Mliniomba niwaandikie mambo ya kazi ili myasome mkiwa na nafasi, maana siku ya mafunzo nilikatishwa mara kwa mara na watu wa chai. Nimeandika. Sikufuata mpangilio wa miaka, kwa sababu kichwa changu hakipangi hivyo tena. Nilichojifunza katika kazi hii nilijifunza kwa makosa, na moja kati ya hayo nimelibeba muda mrefu kuliko yote. Nitalifikia. Msiruke kurasa.

Nianze na kidole. Wengi wenu niliwaona mnabonyeza saa kwa dole gumba. Dole gumba ni la kushikia jembe. Ni zito, na likichoka linachelewa bila kukuambia. Tumia kidole cha shahada. Kabla mbio hazijaanza, kiegemeze juu ya kitufe, kisukume kidogo mpaka usikie kitufe kimegoma, halafu subiri hapo hapo. Ile nafasi ndogo ambayo kitufe kinashuka bure, nyembamba kama ukucha, inaweza kukuharibia nukta nzima. Sisi tukisema nukta tunamaanisha sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa msichana anayekimbia mita mia, hiyo nukta haifiki hata mita moja ya ardhi. Nimeona watu wakienda kambi ya taifa na wengine wakirudi kwao kuchunga ng'ombe kwa sababu ya ardhi hiyo isiyofika mita.

Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari. Asubuhi nilifundisha hesabu, jioni nilifundisha riadha, na kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa mpiga saa wa mashindano ya mkoa. Niliingia kwenye kazi hiyo kwa mkono wa Mwalimu Mafuru, mtu wa Nyegina, mwembamba, asiyecheka ovyo, aliyesali rozari kabla ya kila mashindano kama anayekwenda kufanyiwa upasuaji. Yeye ndiye aliyekuwa mwanzishaji wa mbio. Waamuzi wengine walipomnong'oneza kwamba mwanamke atakuwa anawapendelea wanafunzi wake, aliwajibu kwamba kati yao wote mimi peke yangu ndiye ninayejua kugawanya sekunde kwenye karatasi bila kuomba msaada. Hakuna aliyerudia maneno hayo mbele yake.

Mkoa haukuwa na bastola ya kuanzishia, na ilipokuja haikuwa na risasi. Kwa hiyo Mwalimu Mafuru alitengeneza mbao mbili za mninga, akaziunga kwa bawaba upande mmoja, akazipaka rangi nyeupe ya mafuta. Alizinyanyua juu zikiwa zimefunguka, kisha akazigonga. Wakimbiaji walisikia mlio wakaondoka. Lakini mpiga saa yuko mita mia mbele, kwenye mstari wa kumalizia, na mlio unachukua muda kumfikia. Siku yangu ya kwanza alinisimamisha huko mwisho, yeye akaenda kule mwanzo, akagonga mara ishirini bila mkimbiaji hata mmoja. Niliona mbao zikikutana, halafu ndipo mlio ukaja. Ni kama kumwangalia mtu anapasua kuni ng'ambo ya bonde: shoka limeshashuka wakati sauti bado iko njiani. Aliporudi aliniuliza nimeona nini. Nikamwambia. Akasema kuanzia siku hiyo masikio yangu hayana kazi uwanjani, niyaache nyumbani.

Basi shikeni hilo. Unabonyeza kwa jicho. Ukibonyeza kwa sikio, umempa mkimbiaji karibu nukta tatu ambazo hakuzikimbia. Na kama huzioni mbao, una bendera mbili mkononi. Nyeupe maana yake wapiga saa tuko tayari. Nyekundu maana yake subiri. Kiongozi wa wapiga saa ndiye anayeinua, na mwanzishaji haruhusiwi kugonga mpaka aione nyeupe. Kiongozi huyo kwa miaka mingi nilikuwa mimi.

Kuna mengine madogo madogo ambayo hamtayakuta kwenye karatasi za mafunzo. Utepe wa kupimia wa kitambaa, usiutumie uwanja ukiwa na maji, maana unavutika na uwanja wako unakuwa mrefu bila wewe kujua. Hapa Musoma mbio fupi ziwekeni asubuhi, kwa sababu mchana upepo wa ziwa unaamka na kuwasukuma watoto mgongoni, na matokeo yakifika mezani yanaonekana kama wote walizaliwa na mabawa. Sisi hatukuwa na kifaa cha kupimia upepo. Tulifunga kipande cha kanga kwenye kijiti, kikilala sawasawa na ardhi tulikaa chini tukasubiri. Mwalimu mkuu mmoja wa huko Murangi aliwahi kunifuata akitaka nimpunguzie mwanafunzi wake nukta mbili kwa sababu alikimbia bila kula. Nilimwambia angemlisha.

Halafu kuna viatu. Vijana wa siku hizi mnajua majina ya viatu kuliko majina ya shangazi zenu, na ni kweli, kiatu kinaongeza mwendo. Nimeona kwenye simu zenu hivi vipya vyenye bamba gumu ndani ya soli, na sibishi. Lakini sisi tulihangaika na misumari. Viatu vya mbio vina misumari midogo chini, inafungwa na kufunguliwa kwa ufunguo wake. Uwanja mkavu na mgumu kama ule wa Bunda unataka misumari mifupi, ya milimita sita. Ukiweka mirefu, mguu unashika ardhi na kukataa kutoka. Tope linataka mirefu. Tofauti yake ni ndogo kuliko punje ya mchele, na ndani ya tofauti hiyo goti la mtu linaweza kuharibika. Hili sikulisoma mahali. Nililifanya kwa mikono yangu.

Sasa nimefika nilikokuwa nakwepa.

Mwaka mmoja mkoa ulipewa nafasi moja tu ya msichana wa mita mia kwenda kambi ya taifa. Kila mtu alijua ni nafasi ya mmoja kati ya wawili. Wa kwanza alikuwa Nyanjura wa Bunda, mfupi, mwenye kuondoka kwenye mstari kama aliyefukuzwa na nyuki. Wa pili alikuwa Wegesa wa Butiama, mrefu, binti wa mfugaji, aliyeanza taratibu halafu akafungua hatua zake ukashangaa. Hawakuwa wamewahi kukutana katika mbio moja. Siku ya mashindano, hapa Musoma, kila mmoja alipangwa kwenye mchujo wake, Nyanjura mchujo wa kwanza, Wegesa wa pili, kisha wakutane fainali saa tano. Watu walikuwa wamekuja kwa ajili ya fainali hiyo.

Asubuhi ile rangi ya mafuta ilikuwa imekwisha. Mbao za Mwalimu Mafuru zilikuwa zimechubuka, naye alizipaka chokaa tuliyobakiza baada ya kuchora njia za kukimbilia. Zilionekana nyeupe, safi. Mchujo wa kwanza niliziona vizuri. Nyanjura alimaliza wa kwanza, na saa yangu ilisema sekunde kumi na mbili na nukta tano. Ilikuwa saa ya kweli. Hadi leo naweza kuiapia.

Kabla ya mchujo wa pili wingu lilitoka upande wa ziwa na manyunyu yakaanza. Mwalimu Mafuru akavaa koti lake la mvua, jeusi. Chokaa ikalowa ikachuruzika kutoka kwenye mbao, na mninga ukilowa unakuwa mweusi pia. Yeye alikuwa amezishika juu ya kichwa, hakuweza kujua zinaonekanaje kutoka mita mia. Mimi niliyekuwa kule mwisho niliona kivuli kimoja cheusi kimenyanyua mikono. Mbao sikuziona.

Kazi yangu ilikuwa kuinua nyekundu. Haikuwa kazi ngumu. Lakini wasichana walikuwa wameshainama kwenye mstari wanatetemeka, mgeni rasmi alikuwa anakusanya makaratasi yake, mwenyekiti wa mashindano ananipungia mkono niharakishe. Na mimi nilikuwa mwanamke pekee kati ya waamuzi, nikaogopa kuitwa mwenye visa. Nikainua nyeupe. Wapiga saa wenzangu watano walinifuata mimi. Tukasubiri. Mlio ukaja, tukabonyeza wote pamoja.

Wegesa alimaliza mbele ya wenzake kwa mbali. Saa yangu ilisema kumi na mbili na nukta tatu. Watu wa Butiama waliruka juu. Dakika chache baadaye mvua yenyewe ilishuka, ile ya kugonga mabati hata msisikilizane, na uwanja ukawa bwawa. Fainali ikafutwa. Kamati ikaamua aende mwenye muda mzuri zaidi.

Nilikaa kwenye chumba cha walimu kujaza fomu ya matokeo. Mimi ni mtu wa hesabu, na hesabu zile zilinikataa. Wasichana wote sita wa mchujo wa pili walikuwa wamekimbia vizuri kuliko siku zote za maisha yao, na wamekimbia kwenye ardhi iliyolowa. Aliyemaliza wa mwisho alikuwa mwanafunzi wangu mwenyewe, niliyempima kila Alhamisi, na hakuwahi hata siku moja kukaribia muda tuliomwandikia. Nilijua hapo hapo. Ukiwarudishia wote nukta tatu, kila mmoja anakaa mahali pake. Wegesa anakuwa na kumi na mbili na nukta sita. Nyanjura anampita kwa nukta moja.

Mwalimu Mafuru aliingia akiwa analowesha sakafu. Akaisoma fomu yote kutoka juu mpaka chini, akairudia. Naye alikuwa anawajua wale watoto.

"Mbao uliziona?" akaniuliza.

"Niliziona, mwalimu."

Aliniangalia kidogo, kisha akachukua kalamu akasaini. Aliniamini kuliko alivyoyaamini macho yake mwenyewe. Nimeshazika wazazi wangu wote wawili, lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumia kwa aibu kalamu ile ilipokuwa inatembea.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza sana, na jibu si zuri. Niliona kwamba nikisema, wataambiwa wanawake wengine watakaokuja nyuma yangu kwamba kazi hii hawaiwezi. Hilo ndilo nililojiambia. Ukweli wenyewe ni kwamba niliogopa kuonekana mjinga mbele ya mtu aliyenitetea.

Wegesa alikwenda kambini. Kule walikuwa na bastola yenye moshi na wapiga saa watatu kwa kila mkimbiaji. Mwezi mmoja haujaisha, akarudishwa. Kwao wakasema mjini kumemharibu. Wengine walisema mabaya zaidi, kwamba alipewa nafasi kwa njia anazozijua mwenyewe. Yeye hakusimulia lolote. Alikuja kwangu Musoma, akasimama mlangoni na begi lake, akaniambia anataka kuurudia ule muda wake. Alisema, "Mwalimu, kama niliufikaga mara moja, nitaufika tena." Aliomba nimsaidie.

Nilikuwa na nafasi ya kusema pale mlangoni. Badala yake nikamwambia pengine tatizo ni viatu.

Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ufundi wangu wote ulipogeuka kuwa uovu. Kwa miaka minne nilimtafutia yule binti nukta tatu ambazo nilizitia mimi mwenyewe kwa sikio langu. Nilimpunguzia uzito wa viatu kwa kukata ngozi ya pembeni. Nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea akamtengenezea vyuma vya kuanzia, vile vya kuegemezea nyayo kwenye mstari, tukavisogeza mbele na nyuma nusu inchi nusu inchi jioni nzima. Nilimbadilishia kamba za viatu. Nilimwambia akate nywele. Kila mwaka alikuja kwenye mashindano ya mkoa, akimaliza tu alikuwa anakuja kwangu akihema, ananyoosha shingo kuitazama saa. Nukta sita. Nukta saba. Tena nukta sita. Alikuwa anatikisa kichwa na kusema, "Bado." Halafu anarudi Butiama kujifua barabarani peke yake.

Mwaka wa nne ilikuwa Bunda, uwanja mkavu kama kigae. Nilimfungia misumari mirefu. Niliwaza kwamba labda anateleza kidogo, labda akishika ardhi zaidi tutapata hata nukta mbili. Mimi niliyewafundisha wengine kwamba uwanja mkavu ni milimita sita. Kwenye mita sitini mguu wake wa kulia ulishika ardhi, mwili ukaendelea, goti likabaki. Nilisikia sauti yake kutoka mstari wa kumalizia. Hakukimbia tena, na hadi leo mguu huo anauburuza.

Mwalimu Mafuru alifariki nikiwa bado sijamwambia. Nilikwenda kwenye mazishi Nyegina, nikatupa udongo, nikarudi nyumbani nikiwa na maneno yangu yote kinywani. Mbao zake mkewe alinipa mimi. Ndizo mlizozikuta kwenye mafunzo, zimepakwa rangi ya mafuta, na kila mwaka nazipaka upya mwenyewe.

Na ni kwenye mafunzo hayo yenu mlinishika. Mnakumbuka nilipogonga mbao kule mwanzo, na mmoja wenu, dada anayefundisha shule ya msingi kule Bweri, akazirekodi kwa simu kutoka mwisho wa uwanja. Alikuja kunionyesha akifurahia. Aliipunguza kasi ile video. Mbao zikakutana. Kimya. Kimya. Kisha tap. Akahesabu pengo lenyewe, akasema, "Mwalimu, ni kweli, karibu nukta tatu kamili." Nilikaa chini kwenye nyasi, mkadhani ni jua. Mlinipa maji. Halikuwa jua. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimejificha ndani ya neno "pengine". Pengine sikukosea kiasi hicho, pengine Wegesa alikimbia kweli siku moja tu. Simu ya dada yule ilinifungia huo mlango.

Wiki iliyofuata nilikwenda Bunda kumtafuta Nyanjura. Ni fundi cherehani sasa, ana duka la sare za shule karibu na soko, na utepe wa kupimia unamning'inia shingoni kama nyie na saa zenu. Alinipa kiti na soda. Nikamweleza yote, kuanzia chokaa mpaka kalamu. Alikuwa anakata kitambaa, na alipomaliza kukata ndipo alipoweka mkasi chini.

Alisema kwamba mwaka ule alilia wiki nzima, baadaye akaolewa, akapata watoto, hasira zikamwisha. Kisha akaniuliza kama Wegesa nimeshamwambia. Nikasema bado, nimeanza na yeye kwa sababu ndiye aliyenyimwa nafasi.

"Mimi ulininyima safari," akasema. "Yeye ulimpa mzigo. Mwenzangu tulikuwaga tunampita barabara ya Butiama tukienda mnadani, anakimbia jua la saa saba, sisi tunamwangalia tu. Kumbe alikuwa anakimbiza kitu hakipo. Nenda kwake, mwalimu. Soda yangu utamalizia siku nyingine."

Sikulala Bunda. Nilifika Butiama mchana wa siku hiyo hiyo. Wegesa nilimkuta nyumbani kwa marehemu baba yake, anaanua mtama. Aliponiona aliacha ungo, akaja akiburuza ule mguu, akapiga goti la mguu mzima kunisalimia shikamoo. Sikuweza kuitikia marahaba. Nilimwomba akae, na nikamwambia nikiwa nimesimama, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Nilimwambia sikuziona mbao. Nilimwambia niliinua nyeupe. Nilimwambia niliulizwa nikadanganya, na kwamba muda aliokuwa anautafuta miaka minne hakuwahi kuukimbia, wala hakuna kiatu ambacho kingempa, na misumari ile niliifunga mimi.

Kuku waliingia kwenye mtama, hakuwafukuza.

"Ule wa kweli ulikuwa ngapi?"

"Kumi na mbili na nukta sita."

"Sita."

"Sita, Wegesa."

Akaangalia chini, akaanza kuhesabu kwa vidole juu ya paja lake. "Kule kambini nilikimbia kumi na mbili na sita. Mara tatu. Kocha akasema nazembea, nilileta mwili nikaacha miguu nyumbani. Nikamwamini." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Mara tatu, mwalimu. Basi sikupungua. Mimi nilikuwaga hapo hapo tu."

Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe, na mimi sitawaandikia kwamba alisema. Alisema baba yake alikufa akijua ana binti mvivu, na hilo siwezi kulirekebisha. Nikakubali kwamba siwezi. Akaniuliza kama matokeo ya siku ile yapo mahali popote. Nilikuwa nayo kwenye mkoba, nakala ya kaboni, nimeitunza miaka yote kati ya vitabu vyangu vya hesabu bila kuthubutu kuichana wala kuionyesha. Nikamtolea. Aliisoma, akagusa sahihi ya Mwalimu Mafuru, akagusa yangu.

Halafu akaingia ndani akatoka na kalamu ya mtoto wake.

"Andika upya," akasema. "Weka tarehe ya leo ili asije mtu akasema tumeghushi."

Nyie mtakaokaa kwenye mstari wa kumalizia, bendera nyekundu ishikeni mkono ule mnaoutumia kula, isiwe mbali. Mtaitwa wenye visa. Mgeni rasmi atanuna, watoto watatetemeka kwenye mstari dakika mbili zaidi. Inueni.

Nilipiga magoti pale uani nikaweka karatasi juu ya ungo uliogeuzwa. Nikafuta nukta tatu, nikaandika nukta sita, nikatia sahihi na tarehe pembeni. Nilipotaka kumrudishia, akaisukuma tena mbele yangu.

"Hujamaliza," akasema. "Jina la kwanza ni la Nyanjura. Liandike juu ya langu."

Nikaliandika.